Kajicho kwenye Ukuta wa Jiko

Jumatano, 28 Septemba 2022

Télesphore ameondoka asubuhi kwenda Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, kuleta samaki wa chumvi. Amesema wiki mbili. Jana, kabla ya kufunga mzigo, alibandika kwenye ukuta wa jiko kifaa alichokinunua sokoni Birere, kilichokwisha kutumika Ulaya. Kinapima umeme wa nyumba, kuran tunavyoiita hapa. Fundi Munguakonkwa alikuja akafunga pete yake ya plastiki kwenye waya mnene unaotoka kwenye compteur, mita ya umeme wa kulipia kabla, na sasa kisanduku chenyewe, hakizidi ukubwa wa kadi ya uchaguzi, kinatoa namba. Chini ya namba kuna taa. Ikiwa ya kijani, umeme tunaotumia ni wa bei nafuu. Ikiwa nyekundu, tunatumia mwingi katika saa za bei ya juu.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini tupime kitu tunachokilipia kabla hata ya kukitumia.

“Juu kuran inaishaka na hatujue nani ameikula,” akasema. “Tarif utapanga wewe. Wewe njo ulisoma.”

Nishimwe, binti yetu wa miaka kumi na mitatu, amekwisha kukipa jina: Kajicho.

Jumamosi, 1 Oktoba

Nimepanga tarif, yaani bei. Kitabu chake ni cha Kifaransa na kurasa mbili zimeng'oka, lakini nimekifuata hatua kwa hatua. Kinauliza pesa gani. Faranga ya Kongo haimo, nikachagua dola, maana kampuni yetu inauza kwa dola. Kinauliza bei. Niliandika 25 badala ya 0,25, na Nishimwe alipochemsha maji ya chai Kajicho kikatangaza kwamba birika moja limekula zaidi ya dola mbili. Akapiga kelele: “Mama, tumeuza nyumba!” Nimesahihisha.

Kisha kinauliza kama bei ni moja kutwa nzima. Si moja. Jana Munguakonkwa alinitumia maelezo ya sauti kwenye simu. Niliyasikiliza kwenye ofisi ya shule ninakofanya kazi, wazazi wamesimama mbele yangu na vyeti vya ubatizo mkononi, nikaandika kwenye karatasi: 12 – 4, bei ya juu. Leo nimeingiza 12:00 hadi 16:00. Inaingia akilini: mchana vinu vya unga na mashine za kuchomelea chuma vinafanya kazi mji mzima.

Nimehakiki kila ukurasa mara mbili. Nimeridhika.

Jumatatu, 3 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 9 Oktoba

Télesphore amepiga. Samaki ni wachache, anangoja. Kajicho kijani wiki nzima, kwa kuwa mchana hakuna mtu nyumbani: mimi niko kwenye sekretarieti ya shule hadi 13 h, Nishimwe yuko darasani. Jioni nimepiga pasi sare kumi na nane za kwaya nilizozishona. Kijani mwanzo hadi mwisho. Napenda kuinua kichwa na kukiona kijani.

Ijumaa, 14 Oktoba

Salio kwenye compteur limeshuka kuliko Kajicho kinavyodai. Tofauti si kubwa. Kifaa cha mitumba hakikosi kasoro yake.

Ijumaa, 21 Oktoba

Vita vimeanza tena upande wa Rutshuru, kwenye njia ya kutoka Vitshumbi. Nimempigia Télesphore mara tisa. Mara ya kumi amepokea: njia si nzuri, atakaa kwanza. Nilitaka kumwambia apite ziwani, apite popote, lakini laini ilikatika. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 29 Oktoba

Waasi wameingia Kiwanja. Mama yake Télesphore yuko huko, peke yake. Simu yake haiiti.

Jumapili, 30 Oktoba

Haiiti.

Jumatatu, 31 Oktoba

Mama mkwe wangu amefika. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi juu ya jiwe la volkano mbele ya mlango wetu, kitenge kimelowa hadi magotini. Alitembea hadi Rumangabo, halafu akapata pikipiki. Alikuwa na nusu gunia la maharage, sufuria moja, na furushi la kitambaa cha bluu lililofungwa fundo zuri, gumu, mfano wa kitunguu.

“Mama Nishimwe,” akasema, “nilikuwa naogopa nitakosa nyumba yenu. Hapa mawe yote inafanana.”

Jina lake ni Nyiransengimana, lakini kwetu ni Mama tu, na kwa Nishimwe ni Nyogokuru, bibi kwa Kinyarwanda. Nimempa chumba cha mashine ya kushonea. Lazima niandike hapa nisije nikasahau: Mei ya mwaka jana volkano iliposhuka, na siku tano baadaye serikali ilipotuamuru tuhame mji, tulipanda lori sisi watatu na kufika kwake saa za jioni, bila hata godoro. Alitupa kitanda chake. Alilala kwenye stoo, juu ya mkeka, kati ya magunia ya mahindi, wiki tatu. Hakuuliza hata siku moja tutaondoka lini.

Alhamisi, 3 Novemba

Makala, makaa ya kupikia, hayaletwi tena. Yalikuwa yakitoka upande ule ule uliofungwa. Mama amejifunza plaque, jiko letu la umeme, kwa siku moja, ingawa anaigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayemgusa ng'ombe asiyemjua. Anapika maharage mchana ili tukirudi tule.

Nimerudi leo 13 h 20. Kajicho chekundu.

Ijumaa, 4 Novemba

Chekundu 13 h 15.

Jumamosi, 5 Novemba

Nilikuwa nyumbani. 11 h 50 alipowasha plaque, kijani. 12 h 00 juu ya alama, nyekundu. Nilikaa nikiitazama. Maharage ni matamu, ameweka na kipande cha ndizi ndani.

Jumanne, 8 Novemba

Nishimwe anamtania bibi yake. Kwa Kinyarwanda, jana na kesho ni neno moja: ejo. Mama anachanganya lugha, kwa hiyo asubuhi alisema, “Nitaenda kusali ejo.”

“Nyogokuru, ejo gani? Ya nyuma ao ya mbele?”

“Yenye Mungu ataleta.”

“Yenye ameshaleta ao yenye ataleta?”

“Wewe mutoto, kinywa yako haina mulango!” Akamrushia ganda la kitunguu. Tulicheka sote. Halafu nikainuka kwenda kukitazama Kajicho.

Alhamisi, 10 Novemba

Nyekundu. Mvua ya mawe. Simu ya Télesphore haiiti.

Jumamosi, 12 Novemba

Sare thelathini na mbili za Noeli zimeagizwa. Napiga pasi kila jioni, kuanzia 18 h mpaka mikono inakufa ganzi. Kijani, kijani, kijani. Mbingu ikifunguka, juu ya Nyiragongo naona wekundu wa moto wa volkano kwenye mawingu. Naona wekundu kila mahali sasa, isipokuwa kwenye ukuta wangu, jioni.

Nimejiuliza kwa nini mtu mmoja na sufuria moja anaifanya nyumba iwe ghali kuliko mimi na pasi yangu. Kisha nimeona aibu. Kisha nimejiuliza tena.

Jumanne, 15 Novemba

Watu wa Kibumba wamekimbia. Barabara nzima ya juu imejaa. Wanasimama Kanyaruchinya, kilomita kumi kutoka hapa. Shule imefungwa 10 h. Majirani wawili wamekwisha kufunga magodoro. Umeme umekatika.

Jumatano, 16 Novemba

Bado hakuna umeme. Kajicho ni kipofu. Mama amepanga mawe matatu uani, Nishimwe ameokota vijiti vya mikaratusi, na tumekula moshi pamoja na viazi. Mama ametusimulia jinsi Télesphore, akiwa na miaka sita, alivyoificha redio ya baba yake kwenye kibuyu cha maziwa ili waasi wa wakati ule wasiione, na jinsi redio ilivyoendelea kusoma habari kutoka ndani ya maziwa. Sijacheka hivyo tangu Septemba. Nilikaa. Leo ndiyo siku ya kwanza nimekaa bila kuinuka kuutazama ukuta.

Alhamisi, 17 Novemba

Umeme umerudi 9 h. Saa za chakula, nyekundu.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimesema. Sijui kama nimesema vibaya. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ilikuwa 12 h 30. Maharage yanachemka, taa nyekundu, mvua kwenye bati. Nilimshika Mama mkono nikamsimamisha mbele ya ukuta.

“Mama, unaona ile taa?”

“Naiona kila siku.”

“Ikikuwa vile, ni kusema kuran inaenda bei ya juu. Ni saa mubaya ya kupika.”

Akakitazama Kajicho muda mrefu, kichwa kimeinama upande. “Kananiona mie tu,” akasema. “Wewe unapiga pasi jioni yote, hakasemi kitu.”

“Juu jioni ni bei ya chini.”

“Jioni?” Akageuka. “Mama Nishimwe, mie niliuzisha makala ku soko miaka kumi. Jioni njo batu yote banapika. Jioni njo bei inapandaka. Saa sita, nani atanunua makala? Unauzia nzi.”

“Kuran haiko makala, Mama.”

“Ee.”

“Iko na tarif yake. Niliingiza mie mwenyewe, niliisoma mu kitabu.”

“Ee, sawa. Wewe njo ulisoma.”

Ni maneno yale yale ya Télesphore, lakini hayakuwa na sauti ile ile. Alizima plaque. Maharage yalikuwa bado magumu. Tuliyala hivyo hivyo, na Nishimwe aliyatafuna kwa kelele makusudi, akinitazama.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimerudi 13 h 10. Kijani. Plaque baridi. Mama amekula kiazi kilicholala. Amesema hana njaa.

Jumanne, 22 Novemba

Kijani. Amesema hana njaa.

Jumatano, 23 Novemba

Hili silielewi. Tangu Jumamosi plaque haiwashwi mchana, Kajicho kinaonyesha gharama ndogo kama ya Oktoba, na bado compteur inashuka mbio. Tofauti imezidi. Nimechukua karatasi nikafanya hesabu mara tatu. Umeme unakwenda mahali ambapo Kajicho hakioni bei yake.

Nimezima kila kitu, kimoja kimoja: taa, redio, mashine, chaja. Nimesikiliza ukuta kama mwendawazimu. Nishimwe kaniuliza natafuta nini. Nimesema panya.

Alhamisi, 24 Novemba

Sikwenda kazini hadi 9 h. Mama alikuwa misa ya asubuhi. Niliingia chumbani kwake.

Nilitafuta nini? Jiko dogo la umeme, labda, kipasha maji, taa ya mtu wa kanisani kwao anayomchajia. Nilitazama chini ya kitanda, nyuma ya mashine, ndani ya gunia la maharage, mkono wangu hadi kiwikoni. Hakuna. Kisha nikalifungua furushi la bluu. Fundo lilinichukua muda.

Ndani: kitenge kimoja kikavu. Rozari. Ufunguo wa nyumba ya Kiwanja, umefungwa kwa uzi. Mfuko wa nailoni, na ndani yake picha yetu sisi watatu, mimi, Télesphore na Nishimwe, tumesimama kwenye ua wake Juni ya mwaka jana tukiwa wakimbizi, tumevaa nguo zake na za majirani zake. Nimevaa blauzi yake ya kanisani. Nilikuwa nimesahau kwamba alinipa ile ya kanisani.

Nilifunga furushi. Nilijaribu fundo mara nne. Halikufanana.

Ijumaa, 25 Novemba

Mama alinimiminia chai. Mikono yake ilinihudumia kama mtu anavyomhudumia mgeni.

Jumamosi, 26 Novemba

Nilikwenda kupeleka sare. Niliporudi Mama hakuwapo. Chumba kimefagiliwa, shuka limekunjwa kwa pembe nne. Gunia la maharage ameliacha. Plaque imechomolewa na waya wake umezungushiwa kitambaa safi, kama kidonda.

“Ameenda Kanyaruchinya,” alisema Nishimwe. “Kusalimia batu ya kanisa yabo, benye batoka Kiwanja. Amechukua furushi na sufuria.”

“Kusalimia na sufuria? Atarudi lini?”

“Amesema ejo.” Akaninyima macho. “Leo sikumuuliza ejo gani.”

Jumapili, 27 Novemba

Hakurudi. Mvua kutwa. Kule ni turubai juu ya mawe ya volkano. Sijui nimesimama mlangoni mara ngapi.

Jumatatu, 28 Novemba

Télesphore amepiga! Wiki tano bila sauti yake. Yuko salama, anakula samaki asubuhi na jioni hadi anajisikia ana magamba. Kisha:

“Nilisikia Mama alifika kwako. Eko?”

“Eko muzuri.”

“Unipatie yeye.”

“Eko anasali,” nikasema. “Ameenda kusali.”

“Umuambie asante ya Mungu eko na wewe. Juu kama hangekuwa kwako, ningekuwa nimeshatembea kwa mugulu hadi kule Kiwanja...”

Laini ikakatika. Nilibaki na simu sikioni. Yule mwanaume amekaa upande wa pili wa vita akila samaki kwa amani kwa sababu anaamini mama yake yuko kwangu.

Jumanne, 29 Novemba

Umeme nilioununua Jumamosi umeisha tena, siku nne tu. Ndani ya siku hizo nne Mama hakuwapo. Kajicho hakikuwa chekundu hata dakika moja. Na compteur imeshuka vile vile.

Basi hakuwa yeye. Nimeandika sentensi hiyo na sijui niketi wapi.

Jumatano, 30 Novemba

Nilikwenda ofisi ya kampuni ya umeme nikalalamike kwamba compteur yao inaiba. Nilikuwa na karatasi zangu zote, zimepangwa kwa tarehe. Wakati nangoja foleni, nilisoma tangazo kwenye ukuta, kwa kuwa mimi husoma kila kitu. Heures de pointe, saa za bei ya juu: 18 h 00 – 22 h 00.

Nilimwambia kijana wa dirishani kwamba walibadilisha saa bila kutujulisha.

“Hatujabadilisha, mama. Ni vile tangu mwanzo.”

“Mwanzo gani?”

“Tangu tulileta hii tarif. Iko mwaka muzima.”

Nilitoka foleni. Nje, chini ya paa la duka la dawa, nikatafuta kwenye simu ile sauti ya Munguakonkwa ya tarehe 30 Septemba. Sijafuta kitu chochote maishani mwangu. Nikaiweka sikioni.

“Mama Nishimwe, bonjour. Bei ya juu inaanza saa kumi na mbili, inaisha saa ine. Uandike vile. Na umusalimie Papa Nishimwe.”

Saa kumi na mbili. Saa ine. Jua likizama, hadi watu wamekwisha kula. Niliisikiliza mara tatu. Mara tatu alisema vizuri kabisa, kwa lugha yangu mwenyewe, niliyonyonya. Niliandika 12 na 4 kwenye karatasi, na kesho yake niliisoma ile karatasi kama barua ya ofisi, kama kengele ya shule, kama rejista. Miaka kumi na moja ya sekretarieti: saa kwangu ni ile ya Kifaransa. Sikuhesabu hata kidogo. Namba zilikuwa zimekwisha kuwa za wengine.

Nimenunua umeme, nimerudi nikaingiza 18:00 hadi 22:00. Saa moja ya jioni nikachomeka pasi nione. Sare ya kwanza, kola ya kwanza. Nyekundu.

Nikaifikiria Novemba yote upya. Maharage yake ya mchana yalikuwa kwenye bei ya chini kila siku. Aliyekula umeme wa nyumba hii ni mimi, nimesimama, nikitabasamu mbele ya taa ya kijani. Na alikwisha kuniambia: jioni njo bei inapandaka.

Alhamisi, 1 Desemba

Mvua kubwa. Hakuna pikipiki inayokubali kupanda juu. Nimepiga pasi saa kumi na moja alfajiri.

Ijumaa, 2 Desemba

Nimemwona.

Niliomba ruhusa kazini nikapanda pikipiki na mfuko wa maharage yake mwenyewe mapajani. Kanyaruchinya imebadilika, pale palipokuwa na mawe matupu sasa kuna vibanda vya majani na turubai hadi macho yanachoka, vidogo, mtu anaingia kwa magoti. Moshi unatambaa chini. Nilikuwa nauliza, “Batu ya Kiwanja beko wapi?” na kila mtu ananielekeza mbele. Nilitembea karibu saa nzima. Nilikuwa na viatu vya ofisi, na lava ya pale haina huruma na kisigino.

Nilimtambua kwa sufuria. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda cha mwanamke kijana aitwaye Nyirarukundo, jirani yake wa Kiwanja, aliyejifungua pacha njiani. Mama alikuwa akimpikia uji. Furushi la bluu lilikuwa mgongoni kwake, amelibeba kama mtoto. Fundo lilikuwa lake tena, la kitunguu.

“Karibu,” akasema, bila kuinuka. “Angalia mugulu, hapo kuna maji ya moto.”

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, kwa mpangilio. Yakaja bila mpangilio. Nilimwambia habari ya karatasi, ya 12 na ya 4, ya tangazo, ya sauti. Nilimwambia taa ilikuwa inamwona yeye kwa sababu mimi niliipa macho mabaya. Nilisema, “Mama, ni mie nilikosa. Maharagi yako haikukosa kitu.”

Aliacha kukoroga. “Ngoja. Alikuambia saa kumi na mbili?”

“Saa kumi na mbili.”

“Na wewe ukaweka wapi?”

“Mu muchana. Saa sita.”

“Yewe!” Akamgeukia Nyirarukundo, mwiko juu. “Umesikia? Huyu alisoma, eko na diplôme ya Leta. Saa kumi na mbili, ameiweka saa sita! Hata kuku inajua saa kumi na mbili. Ikifika, inaingia kulala, hakuna mutu ameisomesha.” Akaanza kucheka, cheko lake lote, hadi akapangusa macho kwa kitenge. Yule mwanamke wa pacha akacheka pia, akishikilia tumbo, akimsihi anyamaze kwa kuwa anaumia. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilifikiri kwamba yameisha.

“Ungeniuliza,” akasema, bado anatabasamu. “Sijue kusoma, lakini masaa najua.”

“Ndiyo, Mama.”

Kisha tabasamu likaondoka polepole. Akashusha furushi mgongoni, akaliweka magotini, akakiweka kidole juu ya fundo.

“Kosa ya masaa, nimeicheka,” akasema. “Hii hapa, bado.”

Kwenye mpangilio wangu wa njiani sehemu hiyo sikuwa nimeiweka. Nilikuwa nimetumaini kwamba hakujua. Nilisema, “Nilifungua. Niliangalia yote. Niliona picha.”

“Uliona funguo?”

“Niliona.”

“Funguo ile,” akasema, “sikuficha kwa waasi. Ilikuwa mu furushi, nilipita nayo mbele yabo, hawakuniuliza iko na nini. Hawakufungua.” Akarudi kwenye uji.

Nilikaa hapo. Mvua ilianza. Nilishika pembe ya turubai isipeperuke, wakati yeye anamlisha Nyirarukundo kijiko kwa kijiko. Nilimwambia kwamba Télesphore alipiga, na kwamba nilimdanganya. Akaitikia kwa kichwa: “Ulifanya muzuri. Angekuja na mugulu, yule. Angepigwa risasi.”

Nilipoinuka kwenda nilimuuliza atarudi nyumbani lini.

“Ejo,” akasema.

Nilimwachia maharage. Sikuuliza ejo gani.

Jumamosi, 3 Desemba

Hakuja.

Jumapili, 4 Desemba

Hakuja. Nishimwe na mimi tumefua shuka lake. Halikuwa chafu.

Jumatatu, 5 Desemba

Mvua. Nimehamishia pasi alfajiri. Kijani, lakini sikitazami tena kama zamani.

Jumanne, 6 Desemba

Hakuja. Nimeanza kufikiri kwamba ilikuwa ejo ya nyuma. Kwamba alikuwa akiniambia jambo lililokwisha kupita.

Jumatano, 7 Desemba

Nilikuta mlango wazi. Sufuria juu ya meza, na Nishimwe ameegemea ukuta na uso wa mtu aliyeambiwa asiseme neno.

Mama alikuwa ameketi jikoni. “Nyirarukundo amepata dada yake,” akasema, ndiyo salamu. “Ukae, Mama Nishimwe.”

Nikakaa.

Akaliweka furushi la bluu mbele yangu, akalifungua mwenyewe, taratibu, akatoa kitu kimoja kimoja na kukiweka mezani. Kitenge. “Hii ni kitenge.” Rozari. “Hii ni rozari.” Ufunguo. “Hii ni nyumba.” Picha. “Hii ni wewe, na blauzi yangu, ilikupendeza kunishinda.” Akakung'uta kitambaa kionekane kitupu pande zote mbili. Hakuna aliyecheka. Kisha akarudisha vyote ndani, akazikusanya pembe nne, akanisogezea.

“Funga.”

“Sijue fundo yako, Mama.”

“Nimeona kama hauijue. Funga.”

Nilifunga. Vidole vyangu, vinavyoshona sare thelathini na mbili, vilikuwa kama vya mtoto. Alinishika kidole gumba akakisukuma chini ya pembe, akavuta, akaniachia nimalizie. Likatoka limepinda, sikio moja refu kuliko jingine. Niliomba nilifungue nianze upya.

“Uiache,” akasema. Akalichukua furushi lilivyo, akalitundika kwenye msumari wa ukuta wa jiko, chini ya Kajicho.

Alhamisi, 8 Desemba

Leo sikwenda kazini. Télesphore amepiga saa nne asubuhi. Nimempa Mama simu, nikatoka uani.

Saa sita maharage yako kwenye plaque. Kijani.